Cheti cha Uasili Kimepotea? Jinsi Wazazi Wanavyoweza Kuomba Rekodi za Kesi Mahakamani

Mzazi aliyeasili mtoto kisheria anaweza kukaa miaka mingi bila kuhitaji karatasi za kesi. Kisha mtoto anaombewa pasipoti, au familia inagawana urithi na jamaa mmoja anadai kwamba mtoto huyo si wa nyumba ile. Mzazi anapofungua sanduku la hati anakuta cheti kimepotea au kimeharibiwa na maji. Akifika mahakamani anaambiwa faili ni ya siri, na wengi hurudi nyumbani wakidhani mambo yameishia hapo.

Hayajaishia hapo. Siri ya faili haina maana kwamba mzazi hana haki ya kupata chochote. Jambo la kwanza ni kujua karatasi inayotakiwa iko ofisi gani, kwa sababu rekodi za uasili hazihifadhiwi mahali pamoja wala hazitolewi kwa masharti sawa.

Kwa nini faili ni ya siri

Kesi za uasili husikizwa faraghani, si mbele ya umma, na majina ya mtoto na ya wanaomwasili hayatangazwi. Hata hukumu zinapochapishwa, majina hufupishwa kuwa herufi tu. Ndani ya faili mna ripoti ya shirika la uasili, ripoti ya afisa wa watoto, ripoti ya mlezi aliyeteuliwa na mahakama kumwangalia mtoto wakati wa kesi, na idhini ya mzazi aliyemzaa iwapo alijulikana. Siri hiyo inamlinda mtoto, mama aliyemzaa na familia iliyomchukua. Kifungu cha 53 cha Katiba kinataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu.

Anzia kwa Msajili Mkuu

Mahakama inapotoa amri ya uasili, amri hiyo hupelekwa kwa Msajili Mkuu, ambaye huandika jina la mtoto katika Rejista ya Watoto Walioasiliwa. Nakala ya maandishi hayo, ikiwa imethibitishwa kwa muhuri wa Msajili Mkuu, inakubalika kama ushahidi kwamba mtoto aliasiliwa.

Kwa hivyo mzazi aliyepoteza cheti hahitaji kufunguliwa faili ya mahakama. Anachohitaji ni nakala kutoka kwa rejista hiyo. Ajiandae na:

• kitambulisho chake cha kitaifa;
• jina kamili la mtoto kama lilivyoandikwa katika amri;
• nambari ya kesi na mwaka, kama anavikumbuka;
• taarifa ya polisi kuhusu hati iliyopotea.

Msajili Mkuu pia huhifadhi kumbukumbu zinazounganisha rejista hiyo na rejista ya vizazi, yaani zile zinazoonyesha mtoto alizaliwa kwa jina gani. Hizo haziko wazi kwa umma, na hazitolewi bila amri ya mahakama.

Nakala ya amri ya mahakama

Baadhi ya ofisi hutaka kuona amri yenyewe. Hapo mzazi anaiandikia barua mahakama iliyotoa amri, ambayo kwa kesi nyingi ni Mahakama Kuu. Barua ielekezwe kwa Naibu Msajili wa kituo ambako kesi ilisikizwa. Aliyeasilia mtoto Mombasa na sasa anaishi kwingine bado ataelekeza ombi lake Mombasa.

Barua itaje nambari ya kesi, mwaka, jina la mwombaji, uhusiano wake na mtoto, karatasi anayotaka na sababu ya kuitaka. Aambatanishe nakala ya kitambulisho. Kama hati ilipotea, hati ya kiapo iliyotiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo husaidia kueleza ilivyopotea. Ada hulipwa kwa njia rasmi za Idara ya Mahakama, na mwombaji anapaswa kudai risiti.

Asiyekumbuka nambari ya kesi aanze kwa wakili aliyemwakilisha au shirika la uasili lililomhudumia. Bila nambari, kutafuta faili ya zamani huchukua muda mrefu.

Yanayohitaji ruhusa ya jaji

Ripoti zilizo ndani ya faili, pamoja na utambulisho wa waliomzaa mtoto, ni jambo zito zaidi. Barua kwa Naibu Msajili kwa kawaida haitoshi. Mzazi huwasilisha ombi rasmi katika kesi ileile, pamoja na hati ya kiapo inayoeleza sababu, na jaji ndiye anayeamua.

Ombi lenye mipaka huwa na nguvu kuliko la jumla. Tuseme mtoto ana ugonjwa ambao daktari anashuku ni wa kurithi. Mzazi anaweza kuomba taarifa za afya pekee, akiambatanisha barua ya daktari, badala ya kuomba faili nzima. Hivyo jaji anaweza kufikiria kutoa kinachohitajika bila kufichua jina la mtu.

Mzazi pia ajue faili inaweza kuwa na machache. Kwa mtoto aliyeokotwa, mara nyingi kilichomo ni nambari ya OB, barua ya polisi kwamba jamaa hawakupatikana, na maelezo ya mahali alipookotwa. Ni vyema kumwandaa mtoto kwa hilo kabla ya kumpa matumaini. Mtoto akishatimiza miaka 18, ombi linafaa kuwa lake mwenyewe, mzazi akiwa wa kumsindikiza.

Epuka njia za mkato

Wapo wanaoshawishiwa kumsajili mtoto upya kana kwamba walimzaa, ili wapate cheti cha kuzaliwa haraka. Kutoa habari za uongo wakati wa kusajili kizazi ni kosa la jinai, na cheti kama hicho kinaweza kumletea mtoto matatizo baadaye. Amri ya uasili inampa mtoto haki za mtoto wa kuzaliwa, urithi ukiwemo. Hahitaji cheti cha uongo ili awe mtoto wa nyumba hiyo.

Pa kupata msaada

Uasili si huduma ya serikali ya kaunti. Hata hivyo, mkazi anaweza kumwona afisa wa watoto katika kaunti ndogo yake, ambaye yuko chini ya serikali ya kitaifa, ili aelekezwe. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka wa 2016.

Wazazi ambao bado wana hati zao wanashauriwa kuandika nambari ya kesi mahali salama na kuweka nakala iliyothibitishwa mbali na ile ya awali. Hatua hiyo ndogo leo inaweza kuokoa safari nyingi za mahakamani kesho.