Oili chafu haizuii mchwa

Kila Agosti na Septemba, matofali yakiwa yamepoa na mifuko ya saruji imeanza kupangwa uani, mafundi wa Lubumbashi huulizwa swali lilelile: "Fundi, tumwage lita ngapi za oili ya vidanji kwenye msingi ili mchwa wasipande?" Linaulizwa Katuba, linaulizwa Ruashi. Mara nyingi anayeuliza ni mama anayetaka nyumba ya kukaa kwa raha na watoto wake, pamoja na chumba kimoja upande wa barabara cha kuuzia unga, sukari na daftari, au cha kutolea fotokopi. Fundi asiyetaka maneno mengi humtajia ndoo mbili. Mhandisi anayejali kazi yake hujibu: hata tone moja.

Mwaka unaofuata swali hurudi, limebadilika kidogo tu. Oili tulimwaga, mbona mchwa wamefika kwenye rafu?

Imani hii ina chanzo chake. Oili iliyotolewa kwenye injini ni nyeusi, inanuka, na mchwa wanaoguswa nayo hufa au hukimbia. Mwenye nyumba huona majuma kadhaa ya utulivu, akamsimulia jirani, jirani naye akamsimulia shemeji yake. Ambacho hakuna anayekiona ni kwamba waliokimbia ni wafanyakazi wachache waliotumwa kutafuta chakula. Kiota chenyewe kinaweza kuwa makumi ya mita kutoka hapo, kwenye parseli ya mtu mwingine au chini ya barabara. Wanachofanya mchwa ni kuziba njia ile yenye sumu na kuchimba nyingine pembeni.

Hawahitaji nafasi kubwa. Ufa wa milimita mbili kwenye zege, au upenyo mdogo kuzunguka bomba la maji, unawatosha. Oili inayomwagwa kwa ndoo haisambai sawasawa: hapa udongo umelowa, hatua moja mbele umebaki mkavu. Kisha mvua zinaanza. Lubumbashi hupata karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Vijidudu vya udongoni navyo humeng'enya mafuta hayo kidogo kidogo. Ulinzi unakwisha, nyumba inatakiwa kusimama miaka hamsini.

Hasara haiishii hapo. Saruji haishiki kwenye tofali lenye mafuta, wala zege halikumbati chuma kilichopakwa oili. Harufu hupanda chumbani na kuingia kwenye unga, na mteja aliyekula bukari yenye ladha ya gereji harudi. Zaidi ya yote kuna kisima. Familia nyingi za mji huu huchota maji ya kisima cha uani pale bomba la Regideso, shirika la maji, linapokauka. Oili iliyotumika hubeba vipande vya metali kutoka kwenye injini na kemikali zitokanazo na kuungua, ambazo baadhi yake husababisha kansa. Kumwaga vitu hivyo mita chache kutoka kwenye maji ya watoto ili kuokoa fremu ya mlango ni hesabu mbaya kabisa.

Wengine huongeza chumvi. Chumvi hutia kutu nondo zilizomo ndani ya zege. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, zege linapasuka, na nyufa zinazopatikana ndizo milango ambayo mchwa wanaitafuta. Unga mweupe usio na jina unaouzwa kwa kipimo kama dawa ya mchwa nao uachwe. Aldrini, dieldrini na klodeni, dawa za zamani za mchwa, zimo kwenye orodha ya kwanza ya sumu zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa 2001, na pakiti isiyo na lebo haimwambii mtu amenunua nini.

Wapo pia wanaosema mchimbe malkia, mambo yataisha. Kichuguu kikubwa cha Katanga hujengwa na mchwa waitwao Macrotermes falciger, na mara nyingi humo humo hukaa mchwa wa aina nyingine. Aina kadhaa zinazoharibu nyumba hazijengi kichuguu chochote juu ya ardhi. Viota vyao vimetawanyika chini. Kumtoa malkia mmoja kunaacha wengine wote kazini.

Vichuguu vyenyewe vinahitaji heshima ya kihandisi. Vinafikia mita nane kwenda juu, na vipimo vya kaboni vilivyochapishwa mwaka 2015 vilionyesha kuwa baadhi ya vile vilivyohamwa karibu na Lubumbashi vina zaidi ya miaka 2,000. Udongo wake hutoa matofali mazuri, na ndiyo maana hukatwa. Lakini kiwanja kilichosawazishwa juu ya kichuguu kimebaki na mapango na njia chini yake. Nyumba ikijengwa hapo bila kuchimbua na kushindilia upya, upande mmoja utazama kuliko mwingine na ukuta utapasuka. Kuliangalia hilo kabla ya kununua kiwanja kunafaa kuliko pipa zima la oili.

Biashara ya nyumbani ndiyo inayofanya jambo hili liwe la haraka. Familia inaweza kuishi miaka na mlango uliotobolewa. Duka halivumilii hivyo, kwa sababu mtaji wake wote umekaa ndani ya chakula cha mchwa: makatoni, riimu za karatasi, magunia, vitambaa. Katika kisiwa cha St Helena, mchwa walioingia na mbao za meli karne ya 19 waliangusha majengo mengi ya mji wa Jamestown na kula hata vitabu vya maktaba. Muuza daftari asidhani ukuta wa matofali ya kuchoma unamlinda. Mchwa hawali tofali, wanapita kwenye udongo uliotumiwa badala ya saruji kuyaunganisha.

Basi kinachofaa ni hiki. Visiki na mizizi ving'olewe, na vipande vya mbao za kumwagia zege visifukiwe. Zege la sakafu liwe zito, limwagwe kwa mkupuo mmoja, linyweshewe maji siku saba bila kukosa, maana upepo wa kiangazi hulikausha upesi na kulipasua. Juu ya msingi liwekwe bati bapa lenye ukingo uliotokeza sentimita tano na kukunjwa chini: halimzuii mchwa, linamlazimisha kujenga njia yake ya udongo nje, mahali panapoonekana. Sentimita kumi na tano za msingi zibaki wazi kuzunguka nyumba yote, bila maua, bila mchanga, bila kuni za kuegemeza, na mwenye nyumba azikague kila mwezi. Rafu za duka ziwe za chuma, ziachane na ukuta kwa upana wa mkono, na mzigo usikae sakafuni. Ardhi ikiwa imeshambuliwa mno, dawa ya kisasa yenye bifenthrini au fipronili iwekwe na mtu aliyefundishwa, mbali na kisima.

Kuhusu raha ya kukaa: kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini, madirisha yawe huko, na duka au stoo ichukue upande wa magharibi ilipokee jua kali la Oktoba badala ya chumba cha kulala. Chini ya bati pawe na dari yenye nafasi ya hewa. Inasaidia hata usiku wa Juni na Julai, baridi inaposhuka chini ya nyuzi 10. Wateja wawe na mlango wao, wasipite sebuleni. Friza ya samaki isitoe joto lake kwenye chumba cha watoto.

Na karatasi. Kwa sheria ya 20 Julai 1973 ardhi ni mali ya Leta, kwa hiyo sertifika ya usajili itafutwe kabla ya tofali la kwanza, pamoja na kibali cha kujenga. Biashara ndogo inadai patenti, kwa mujibu wa amri ya 8 Agosti 1990. Hati hizo zitiwe kwenye sanduku la bati, zisiachwe kwenye droo ya mbao.