Fundi anayeisikiliza kompyuta kabla ya kuifungua

Kabla ya kushika bisibisi, fundi huyu hutega sikio. Humwambia mteja afungue kazi ile ile iliyomleta na aifanye kama anavyoifanya kila siku. Kisha huzima feni ya ukutani, huinama ubavuni mwa boksi la kompyuta na kunyamaza. Nilikwenda Kariakoo kuulizia bei za kompyuta za mtumba, nikaondoka na swali ambalo bei haikulijibu: kwa nini mtu anayeweza kuifungua mashine kwa dakika chache aanze kwa kuisikiliza?

Ameomba jina lake lisiandikwe. Wateja wake ni watu wa kadi za harusi, mabango ya mahafali, fulana za kampeni na lebo za asali. Mashine wanazomletea zinajulikana na kila anayepita mitaa ile: Dell OptiPlex 7010, HP Compaq Elite 8300, Lenovo ThinkCentre M92p. Zilitoka viwandani mwanzoni mwa muongo uliopita kwa ajili ya ofisi, ziandike barua na kupiga hesabu. Leo zinatakiwa zibebe Photoshop na CorelDRAW kuanzia asubuhi hadi usiku, na maisha ya familia nzima yanategemea zibebe.

Siku hiyo mbele yake alikaa binti mmoja mchora mabango.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Inasumbua nini?"

"Inaganda. Nikisogeza picha tu, inaganda. Dukani wameniambia ninunue kadi ya grafiki."

"Kadi itanunuliwa ikihitajika. Fungua kazi yako kwanza."

Lilikuwa bango la mahafali, la mita 2 kwa 1. Binti akasogeza picha ya mhitimu kutoka kushoto kwenda kulia. Kipanya kikagoma, na ndani ya boksi pakaanza kutatarika, kwa mfululizo, bila kupumzika. Fundi akainua kidole tusiseme neno. Sauti ilidumu mpaka picha ilipokubali kukaa mahali pake, ndipo ikakoma. Akamwomba arudie. Ikatatarika tena.

Kwa maelezo yake, mashine ya zamani ina vilio vya aina tatu. Kilio cha kwanza ni huko kutatarika: diski inahangaika. Cha pili ni feni kupandisha mvumo huku diski imetulia: hapo prosesa ndiyo inayobeba mzigo, au joto limeizidi. Cha tatu hakina sauti kabisa. Diski kimya, feni kimya, lakini picha kwenye kioo inarukaruka unapoikuza au kuizungusha. Hapo ndipo anapoanza kuifikiria kadi ya grafiki. Binti yule alikuwa ametumwa kununua dawa ya kilio cha tatu, ilhali mashine yake ilikuwa inalia kilio cha kwanza.

Nilimwomba anieleze sauti yenyewe inatoka wapi. Akachukua diski iliyokufa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, akaifungua mbele yangu. Ndani kuna sahani inayong'aa na mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea kwenye ncha. Sahani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Data ikiwa upande wa pili wa sahani, kichwa lazima kiisubiri izunguke mpaka ifike chini yake. Kwa wastani hiyo ni nusu mzunguko, milisekunde 4 na kidogo. Kabla ya hapo mkono umeshatumia muda wake kuruka kutoka njia moja hadi nyingine. Ukijumlisha, diski ya namna hii hutimiza maombi kama mia moja tu kwa sekunde pale data inapokuwa imetawanyika. Kutatarika tunakokusikia ni huo mkono unavyoruka.

Na kwa nini uruke wakati binti anasogeza picha moja tu? Kwa sababu RAM imejaa. Fundi analisema hili kwa mfano wa fundi cherehani: kitambaa kikizidi meza kinaangukia sakafuni, na kila ukitaka kukata unainama kukiokota. Photoshop RAM ikiiishia, huhamishia sehemu ya kazi kwenye diski, na kila mguso wa kipanya unakwenda kuitafuta huko. Mashine ya binti ilikuwa na GB 4. Adobe wenyewe wanataka GB 8 kwa uchache kwa matoleo ya sasa, na wanapendekeza 16.

Nilidhani tiba imeshapatikana. Fundi akaomba kuona kitu kimoja zaidi: ukubwa wa picha. Bango lilikuwa limewekwa nukta 300 kwa inchi. Akachukua kalamu, akapiga hesabu nyuma ya risiti, na mimi nikairudia nyumbani kuhakikisha. Mita 2 kwa 1 kwa nukta 300 ni pikseli 23,622 kwa 11,811, yaani pikseli milioni 279. Kwa rangi nne za uchapaji, kila pikseli inachukua baiti nne. Tabaka moja lililojaa linafika GB 1.1, na bango la binti lilikuwa na matabaka sita. Kwa nukta 100, tabaka lile lile linashuka hadi MB 124. Mzigo umepungua mara tisa, na hakuna senti iliyotoka.

Binti akaona anadhulumiwa ubora. "Si litatoka na ukungu, fundi?"

Hapa mzee alichukua muda wake. Kwa nukta 100, kila nukta ina upana wa robo milimita. Jicho zima la binadamu, likisimama mita tatu, halitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya milimita 0.9 hivi. Bango la mahafali linaning'inia ukumbini, hakuna anayelisoma likiwa mkononi. Kadi ya mwaliko ndiyo inayoshikwa karibu na uso, na hiyo apewe 300 zake. Maandishi yafanywe kwenye CorelDRAW, ambako herufi ni mistari ya hesabu na ukingo wake haufifii hata ukilikuza bango. Picha tu ndiyo ikae kwenye Photoshop. Akamalizia kwa kauli ambayo nadhani ameshaisema mara nyingi: "Kwanza tuitibu kazi, halafu tutaitibu mashine."

Naamini hapo ndipo ulipo ufundi wake. Muuzaji hutazama kilichopo kwenye rafu. Yeye hutafuta mahali kazi inaposubiri. Mashine ya zamani ina sehemu moja nyembamba inayozuia nyingine zote, na fedha ikitupwa kwingine inapotea bure.

Baada ya hapo ndipo bisibisi ilipotoka. Kwanza RAM: vipande viwili vya GB 8 vya DDR3, vinavyofanana, kila kimoja kwenye njia yake, kwa kuwa prosesa huvisoma kwa pamoja na kasi ya kusafirisha data huongezeka maradufu. Alitahadharisha kuhusu RAM za seva zinazouzwa kwa bei ya chini sana. Zinaingia kwenye tundu vizuri kabisa, lakini kompyuta ya kawaida haiwaki nazo. Kisha SSD, ambayo haina mkono wa kuruka wala sahani ya kusubiri. Hapo pia kuna mtego. Mazabodi za aina hii zina matundu ya SATA ya kasi mbili, gigabiti 6 na gigabiti 3 kwa sekunde. Ukichomeka SSD kwenye tundu lisilo lake, itafanya kazi, lakini nusu ya kasi uliyoilipia haitafika. Diski ya zamani haikutupwa. Aliitazama saa ilizofanya kazi, rekodi ambayo diski huitunza yenyewe ndani yake, akaiacha iwe ghala la kazi zilizokwisha.

Vumbi akalitoa kwa brashi na pampu. Ile pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na feni yake ilikuwa imekauka na kupasuka, naye akapaka mpya. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye mashine huona imezeeka tu.

Na kadi ya grafiki? Anazifunga, kwa wanaotengeneza video au kuchora vitu vya pande tatu. Ila boksi dogo la OptiPlex 7010 lina pawa saplai ya wati 240, na tundu la kadi hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. Kadi kubwa haiingii wala haishibi. Kwa boksi hilo huchagua kadi fupi kama GT 1030, inayokula wati 30 tu. Amewahi kuletewa mashine ambazo mtu alilazimisha kadi yenye njaa kubwa kuliko uwezo wa saplai. Huzima ghafla katikati ya kazi, na mwenye nayo huilaumu TANESCO.

Binti alisogeza picha yake tena, ikamfuata kipanya bila kusita. Akaisogeza huku na huko, mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Ila tangu siku hiyo mashine yake haitatariki tena anaposogeza picha. Ikizidiwa tena, sikio la fundi halitakuwa na kilio cha kwanza cha kusikia. Itabidi atazame vipimo vya Windows kama fundi yeyote kijana. Analijua hilo, na kila SSD anayoifunga inampunguzia ujuzi wake mmoja. Anaendelea kuzifunga, kwa kuwa ndicho anachohitaji mteja.

Ninalobaki nalo ni zito zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masahihisho ya usalama ya kawaida, na muda wa nyongeza kwa watumiaji binafsi unakoma Oktoba 2026. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ya binti ni ya kizazi cha 3. Imetibiwa, inafanya kazi vizuri kuliko siku ilipotoka kiwandani, na mlango wa mbele imefungiwa. Linux ingeipokea, pamoja na Inkscape na GIMP zisizolipiwa, lakini wenye mitambo ya uchapaji anaowapelekea kazi wanataka faili la CorelDRAW.

Fundi humweleza kila mteja haya kabla ya kupokea pesa, na humshauri mashine ya kazi aitenganishe na intaneti kadiri inavyowezekana. Binti akamuuliza kazi za wateja atazipokeaje, maana zote zinakuja kwa barua pepe na WhatsApp, na ndani yake kuna majina, picha za pasipoti na namba za simu za kamati nzima ya harusi. Fundi hakuwa na jibu. Wanaoagiza kadi hizo nao hawajui kwamba swali hilo lipo, na sijui ni nani mwenye wajibu wa kuwaambia: mchora kadi, fundi, muuzaji wa mtumba, au kampuni iliyoamua kwamba mashine nzima kama hii muda wake umekwisha.