Makala Ngapi Zinatosha? Uliza Swali Jingine

"Daktari, nikiwa na makala ngapi nitapata nafasi ya ubingwa Marekani?" Nimeulizwa tena, safari hii na mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Nikamuuliza anataka ubingwa wa nini. Hajaamua. Hajui aendako, lakini ameshaanza kuhesabu nauli.

Hofu hii ya kuhesabu makala ina chanzo. Tangu Januari 2022 mtihani wa Step 1 wa leseni ya udaktari Marekani hautoi alama. Ni kufaulu au kufeli basi. Wakurugenzi wa programu wakapoteza namba waliyozoea kuchujia waombaji, na wanafunzi wakakimbilia namba nyingine: tafiti. Ndipo zikaanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp takwimu za NRMP, taasisi inayopanga daktari gani aende programu gani ya ubingwa nchini humo tangu 1952. Mwaka 2022, wahitimu wa Marekani waliopata nafasi za upasuaji wa ubongo walikuwa na wastani wa 25.5 kwenye safu ya tafiti ya jedwali lake, upasuaji wa plastiki 28.4, magonjwa ya ngozi 20.9, mifupa 16.5. Mwanafunzi wa Dar es Salaam au Eldoret anasoma "makala 25" na kukata tamaa, au anafanya lililo baya zaidi.

Si makala 25. Safu ile ya jedwali inajumlisha ikisiri, mawasilisho na machapisho, vyote pamoja. Chukua kazi moja: umepitia mafaili ya majeruhi wa kichwa waliolazwa hospitalini kwenu. Ikisiri ikikubaliwa, hiyo moja. Ukiiwasilisha kongamanoni, mbili. Ukitundika bango la kazi hiyo hiyo kwenye kongamano jingine, tatu. Makala ikichapishwa, nne. Utafiti ni mmoja. Isitoshe, huo ni wastani, na wastani hupandishwa na wachache waliosimamisha masomo mwaka mzima kufanya utafiti tu, au waliokuja na shahada ya uzamivu. Na namba zenyewe zinatoka kwenye fomu walizojaza waombaji. Anayezichukua kama alama ya kufaulu hajazisoma.

Lililo baya zaidi ni kununua jina. Mnayajua matangazo yake: nafasi ya mwandishi wa tatu, jarida la "kimataifa", makala kutoka ndani ya wiki chache, lipa kwa simu. Wapo wanafunzi wanaochangishana fedha za matumizi kwa ajili hiyo. Naliita wizi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, imeweka masharti manne ya kuitwa mwandishi, na yote lazima yatimie: uwe umechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kukusanya data au kuzichambua, uwe umeandika au kuhakiki rasimu, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na uwe tayari kuwajibika kwa kila kilichomo. Malipo hayamo.

Sharti la nne ndilo litakalokuumbua. Kwenye usaili, profesa anachagua mstari mmoja katika fomu yako na kuuliza: wagonjwa mliwachaguaje? Waliopotea katikati ya ufuatiliaji mliwahesabu vipi? Aliyefanya kazi hujibu hata akiwa na usingizi. Aliyenunua hana la kusema, na usaili umekwisha hapo. Wala usidhani makala ya kununua itabaki salama. Mwaka 2023 majarida ya Hindawi, yaliyokuwa chini ya Wiley, yalifuta makala zaidi ya 8,000, na makala iliyofutwa haipotei. Hubaki mtandaoni na majina ya waandishi wake, imegongwa muhuri wa kufutwa. Na makala hiyo ikiwa na data za kubuni, hazimdhuru mwombaji peke yake. Kuna daktari wa wilayani atakayezisoma na kubadilisha dozi ya mgonjwa.

Sasa, je, utafiti unahitajika? Kwa upasuaji wa ubongo, plastiki, ngozi, mifupa, na masikio, pua na koo: ndiyo, na kwa aliyesoma nje ya Marekani mara nyingi ni mwaka mmoja au miwili ya utafiti ndani ya idara ya huko, kwa sababu unachokifuata hasa ni barua ya bingwa aliyekuona ukifanya kazi. Kwa magonjwa ya ndani, watoto, tiba ya familia na akili, wanakoingia wengi wetu: faulu mitihani mara ya kwanza, pata alama nzuri ya mtihani wa Step 2 CK, fanya mazoezi ya kliniki Marekani, tafuta barua zenye maneno mahususi, usikae miaka mingi baada ya kuhitimu. Utafiti mmoja unaoweza kuutetea unatosha. Fomu ya maombi yenyewe ina nafasi ya shughuli 10 tu, na tatu kati ya hizo ndizo za kuelezea kwa kina.

Anzia wodini kwako. Tafuta msimamizi mwenye swali, si mwenye orodha ya majina. Jarida litafute kwenye orodha za PubMed au DOAJ kabla hujalipa chochote. Na kibali cha maadili kiombe kabla hujafungua faili la kwanza: jarida la maana litataka namba yake na tarehe yake, na kamati haitoi kibali kwa kazi ambayo umeshaimaliza.