Gari la Mwokoaji Ufukweni

Mwaka 2006 huko Oxnard, California, mama mmoja aliyelala mchangani akiota jua alikanyagwa na gari la doria, akafa. Dereva hakumwona. Hapo ndipo penye shida: mtu aliyelala hafiki hata usawa wa boneti, na mlio wa injini humezwa na upepo na mawimbi.

Basi mwokoaji kabla ya kuondoa gari alizunguke kwa miguu, achungulie mbele, nyuma, hata chini yake. Watoto hupenda kivuli cha gari. Akirudi nyuma, mwenzake ashuke amwongoze. Mwendo uwe wa pole, hata kama ameitwa kwa mtu anayezama. Akigonga mwingine njiani, wa kuokolewa watakuwa wawili.

Pikipiki ya magurudumu manne nayo ina mambo yake. Huzidi kilo 200, na nyingi zimetengenezwa kwa mtu mmoja tu. Ukimpakia mwenzako nyuma, uzito unahama, na kwenye mteremko wa mchanga inabinuka na kuwaangukia. Kofia ngumu ivaliwe, jua liwe kali namna gani. Upepo wa magurudumu hupunguzwa kidogo ili yasizame mchangani, lakini ukirudi barabarani ujaze tena.