Hisa za Mkopo

Juni 9, 2008, hisa za kampuni ya simu ya Safaricom zilipoanza kuuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, bei ilipanda kutoka shilingi 5 hadi kupita 7. Wakenya wengi walikuwa wamekopa benki ili wasipitwe na neema hiyo.

Mapema 2009 hisa moja ilikuwa chini ya shilingi 3. Deni lilibaki palepale.

Bei ikipandishwa na matumaini ya kumpata mnunuzi mwingine, wala si na faida ya kampuni, huporomoka mnunuzi huyo asipotokea. Hata hivyo, Safaricom yenyewe ilikuwa imara: mwaka 2021 hisa yake ilivuka shilingi 40. Aliyetumia akiba yake aliweza kusubiri. Mwenye mkopo alibanwa na marejesho ya kila mwezi. Hisa zisinunuliwe kwa mkopo, wala kwa pesa za karo.