Mtoto akikataa mboga, usimbane pua

Juma lililopita mama mmoja kutoka Kitisuru alifika kwenye kliniki yangu na mwanawe wa miaka miwili na nusu. Alilalamika kwamba mtoto huyo hataki hata kuona sukumawiki wala mchicha. Akipewa hufunga mdomo, akilazimishwa hutema. Nilipomuuliza hulishwa vipi, alisita kidogo, kisha akasema kwamba yaya humbana pua hadi afungue mdomo.

Msomaji, ikiwa jambo hilo hufanyika nyumbani kwako, tafadhali likomeshe leo. Mtoto aliyebanwa pua huvuta hewa kwa mdomo, na chakula huweza kuingia katika njia ya hewa kikampalia au kikamletea nimonia. Isitoshe, ataanza kulia kila aonapo kijiko.

Kwa nini mtoto aliyekuwa akila vizuri abadilike ghafla? Mtoto anayezaliwa na kilo 3 hufikisha kilo 9 hivi akitimiza mwaka mmoja. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili au tatu tu. Mwili wake hauhitaji tena chakula kwa kasi ile ya awali, basi hamu hupungua. Katika umri huohuo huanza kuogopa vyakula asivyovizoea, hasa vichungu. Huo si utukutu, wala si dalili kwamba mama ameshindwa na malezi, hata kama mama mkwe anasema hivyo.

Nilimwomba mama huyo anieleze mtoto alikula nini siku iliyotangulia. Chupa ya maziwa alfajiri, biskuti na juisi saa nne, maziwa tena kabla ya chakula cha mchana, na chupa nyingine mbili jioni. Nafasi ya mboga ingetoka wapi? Maziwa ni chakula bora, lakini hayana madini ya chuma ya kutosha. Baada ya mwaka mmoja, vikombe viwili vya maziwa kwa siku, yaani nusu lita hivi, vinatosha. Nilipompima mtoto damu, nilikuta imepungua.

Mpe maji akiwa na kiu, na usimpe kitu kingine saa mbili hivi kabla ya mlo. Usimpe chai pamoja na chakula, kwa maana huzuia mwili kupata madini ya chuma. Anza na mboga zisizo chungu: malenge, karoti zilizopikwa zikalainika, au mchicha. Managu inaweza kungoja. Ukiipika, itie maziwa au malai ipungue uchungu. Sukumawiki ikatwe nyembamba sana, ipikwe na nyanya na mafuta kidogo. Mukimo wenye majani ya malenge ni mzuri pia, ila usimfiche mboga kila siku, la sivyo hatazijua.

Weka kijiko kimoja tu kwenye sahani yake, nawe ule mboga hizohizo mbele yake. Akikataa, ondoa sahani bila kelele, umpe tena baada ya siku mbili. Utafiti umeonyesha kwamba mtoto huweza kuhitaji kuonja chakula kipya mara 8 hata 15 kabla ya kukikubali. Wazazi wengi huchoka mara ya tatu.

Dawa za kuongeza hamu ya chakula usinunue ovyo. Baadhi yake ni dawa za mzio ambazo humfanya mtoto asinzie. Lakini mlete kwa daktari ikiwa uzito haupandi kwenye kijitabu cha kliniki, akiwa amepauka viganja, au akila udongo.

Mtoto yule nilimwandikia dawa ya madini ya chuma, kwa kuwa mboga pekee zisingerudisha damu upesi. Dawa hiyo ifungiwe kabatini, juu. Mtoto akiinywa nyingi kwa mara moja huweza kumwua.