Usiitupe kompyuta kuukuu ya mzee kabla ya kuuliza kuhusu Palm yake

Watoto wakipata uwezo humnunulia baba kompyuta mpya. Ile ya zamani, yenye Windows XP na inayochelewa kuwaka, hupelekwa stoo au hupewa fundi aiuze vipuri. Nia ni njema. Lakini kama mzee ni miongoni mwa waliotembea na Palm mfukoni, zawadi hiyo inaweza kumkatia njia pekee ya kutunza majina, tarehe na maneno aliyoyaandika kwa miaka mingi.

Palm ni kompyuta ndogo ya mkononi iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1996, kabla ya simu janja. Ilikuwa na kalenda, orodha ya anwani na ukurasa wa kuandika lolote kwa kijiti. Nchini Uganda wahudumu wa afya walizitumia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kukusanya taarifa wilayani. Nyingine zilikuja na ndugu waliorudi kutoka masomoni ng'ambo.

Uzuri wake ulikuwa kitufe kimoja. Mzee anaiweka kwenye kitako chake kilichounganishwa na kompyuta, anabonyeza, na vifaa vyote viwili vinalingana. Aliyoyaandika safarini yanaingia kwenye kompyuta, aliyoyachapa ofisini yanaingia kwenye Palm.

Kwenye kompyuta mpya kitufe hicho huwa kama kimekufa. Palm yenyewe ni nzima. Kilichokosekana ni draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuelewana na waya wa USB. Ile ya Palm iliandikwa kwa Windows za biti 32, na kompyuta za leo ni za biti 64. Kwa wenye Mac mlango ulifungwa mwaka 2011, toleo la Lion lilipoacha kuendesha programu za aina ya zamani. Kampuni ya HP iliinunua Palm mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikaachana na vifaa hivyo.

Hapo ndipo familia nyingi hukosea: huiweka Palm kwenye droo, wakisema watamtafuta fundi siku moja. Palm nyingi za kabla ya 2004 hushika kumbukumbu kwa nguvu ya betri tu. Betri ikiisha kabisa, kila kitu kinafutika. Zile zinazotumia betri mbili ndogo za AAA, ukizitoa una kama dakika moja tu ya kuweka mpya. Kwa hiyo Palm iliyolala droo miaka kumi, ukiichaji leo, itawaka ikiwa tupu kama siku iliponunuliwa.

Usikate tamaa. Kila mara mzee alipobonyeza kile kitufe, nakala ilibaki kwenye kompyuta. Iwashe hiyo kuukuu, ufungue programu ya Palm Desktop. Anwani zinaweza kutolewa kama orodha inayofunguka kwenye Excel, na maandishi kama faili la kawaida. Kalenda husumbua zaidi. Kuichapisha kwa printa si aibu. Ikigoma kuwaka, diski yake inaweza bado kusomeka, kwa hiyo mwambie fundi anakili folda yote ya Palm kabla hajagusa kingine.

Kama mzee bado anaitumia Palm yake kila siku, anza kwa kuichaji au kumbadilishia betri. Kisha ziko njia tatu: kompyuta ile ile ya zamani, kompyuta yenye Linux na programu ya bure iitwayo J-Pilot, au, kwa Palm zenye nafasi ya kadi, kunakili kumbukumbu kwenye kadi ya SD. Zote zinashindwa? Majina mia mbili yanaandikika upya kwenye simu kwa Jumamosi mbili, mjukuu akichapa na babu akisoma.

Jambo moja zaidi, na hili si la fundi. Palm iliruhusu mtu kuficha kurasa zake kwa nywila. Humo mna namba za benki, madeni, pengine barua ambazo hazikutumwa. Kama mzee yu hai, muulize kwanza: "Baba, tuhamishe yote, au kuna ya kubaki?" Akisema yapo ya kubaki, mwachie kifaa ayafute mwenyewe kabla ya kunakili.